Jimny ya Milango Mitano: Gari la Familia Lisilo na Madoido

Mwezi Januari 2023, katika maonyesho ya magari yaliyofanyika Greater Noida, mji ulio karibu na Delhi nchini India, kampuni ya Suzuki ilizindua Jimny yenye milango mitano, yaani minne ya abiria na mmoja wa mizigo, na kwa hatua hiyo ikazipa familia gari ambalo awali lilionekana kuwa la wapenda safari wachache. Jimny ya kizazi cha nne iliyoingia sokoni Julai 2018 ilikuwa na milango mitatu tu, na ingawa ilisifiwa sana kwa kupita kusikopitika, aliyetaka kuketi nyuma alilazimika kukunja kiti cha mbele na kujipenyeza, na wakishaketi watu wanne hapakubaki nafasi ya maana ya mizigo. Wahandisi waliurefusha umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwa milimita 340, ukafikia milimita 2,590, na karibu kila jambo ambalo mmiliki mpya hulitambua katika miezi ya mwanzo, liwe la kupendeza au la kuudhi, linatokana na uamuzi huo wa kulileta gari la porini nyumbani bila kubadili sana kilicho chini yake.

Ukoo wa gari hili ni mkongwe. Mwaka 1967 kampuni ndogo ya Kijapani iliyoitwa Hope Motor ilitengeneza kigari cha ON360, na kiliposhindwa kupata soko, haki ya kukitengeneza ikanunuliwa na Suzuki kwa msukumo wa Osamu Suzuki, mkurugenzi aliyekuja kuiongoza kampuni hiyo kwa miongo mingi hadi jina lake likawa halitenganishwi nayo. Aprili 1970 ikatoka LJ10, Jimny ya kwanza, ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 359 tu. India nayo ilianza kuunda toleo lake, Maruti Gypsy, mwaka 1985, na jeshi la nchi hiyo likalitumia kwa miaka mingi, kwa hiyo si ajabu kwamba Jimny ya milango mitano inaundwa Gurugram na kwamba tangu Oktoba 2023 husafirishwa kutoka huko kwenda Amerika ya Kusini, Mashariki ya Kati na Afrika. Kwa msomaji wa Tanzania, jina la Suzuki limekwisha kuzoeleka kupitia Kirikuu za mizigo zinazojaa masokoni, na kwa yule wa Zanzibar kupitia magari madogo yanayokodishwa kwa wageni.

Anayelitazama gari hili kwa mara ya kwanza huvutiwa na umbo lake la pembe nne, lakini habari yenyewe iko chini ya bodi. Magari mengi ya familia ya leo, hata yale yanayoonekana kama ya porini, hujengwa kwa bodi na fremu zilizo kitu kimoja, ambapo Jimny ina chasisi inayojitegemea, yaani boriti mbili ndefu za chuma zilizounganishwa kwa vipande vya kukingama mithili ya ngazi, na bodi ikawekwa juu yake. Chini ya chasisi hiyo kuna ekseli kamili mbele na nyuma, maana yake ni kwamba gurudumu la kushoto na la kulia limeshikwa na mhimili mmoja mgumu, badala ya kila gurudumu kupanda na kushuka peke yake. Faida ya mpango huu huonekana njia inapokuwa mbovu: gurudumu moja likipandishwa na jiwe, mhimili hulisukuma la pili chini litafute ardhi, na difu, yaani lile bonge la chuma linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili, hubaki katika kimo kilekile juu ya ardhi. Kati ya sehemu ya chini kabisa ya gari na ardhi kuna milimita 210, na pua yake inaweza kukabili mwinuko wa nyuzi 36 kabla bampa haijagusa.

Hasara yake huonekana kwenye lami. Shimo linalopigwa na tairi la kushoto husikika hadi la kulia, gari hurukaruka kidogo kwenye matuta, na usukani, ambao umetengenezwa kwa mfumo wa zamani ili usimrushie dereva mikononi vishindo vya mawe, ni mwepesi lakini mzito wa kuitika, kiasi kwamba dereva aliyetoka kwenye gari dogo la mjini huona kama anausahihisha kila wakati. Urefu ulioongezwa umepunguza tatizo hili, kwa kuwa gari lenye ekseli zilizoachana hutulia zaidi katika mwendo, na ni haki kusema kwamba kwa safari ya saa nyingi toleo la milango mitano halichoshi kama lile fupi. Gharama ya utulivu huo inalipwa porini, ambako tumbo la gari refu hugusa kilele cha tuta mapema zaidi, na mjini pia, ambako nusu kipenyo cha mzunguko wa kugeuza gari kimeongezeka kutoka mita 4.9 hadi 5.7.

Jambo linalohitaji kujifunza kwa makini kuliko yote ni mkono mfupi ulio karibu na mkono wa gia. Katika nafasi yake ya kawaida nguvu za injini huenda magurudumu ya nyuma peke yake. Ukisogezwa nafasi inayofuata, magurudumu yote manne huvuta, na badiliko hilo laweza kufanywa gari likiwa linatembea ilimradi usukani umenyooka. Nafasi ya tatu ni ya gia nzito, ambayo hupunguza mwendo wa magurudumu kwa karibu nusu na kuongeza nguvu ya kuzungusha karibu maradufu, na ili kuifikia dereva lazima asimame kabisa, akanyage klachi au aweke gia huru, kisha aukandamize mkono ule chini ndipo ausogeze. Wamiliki wengi wapya huusahau mkono huu katika nafasi ya pili baada ya kutoka kwenye matope na kuingia lami kavu, na hapo ndipo madhara huanza. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele husafiri umbali mrefu kuliko ya nyuma, na kwa kuwa Jimny haina kifaa cha katikati cha kuruhusu tofauti hiyo, ekseli mbili huanza kushindana, usukani hukaza, matairi hukwaruza na meno ya gia hubeba mzigo ambao hayakutengenezwa kuubeba. Kwenye tope, mchanga au changarawe tairi huteleza kidogo na kuumaliza mvutano huo, lakini lami kavu hairuhusu mtelezo wowote.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna kitabu kinachoweza kumzoesha mtu isipokuwa barabara yenyewe. Gari linapovuka korongo kwa mshazari wakati wa masika, gurudumu moja la nyuma huweza kubaki hewani na kuzunguka bure, huku lenzake lililokanyaga udongo mweusi likikaa kimya, kwa sababu tabia ya difu ni kupeleka nguvu kule kunakozunguka kwa wepesi. Katika gia nzito mitambo ya Jimny hulitambua gurudumu hilo na kulifunga breki, nguvu ikalazimika kuhamia upande wenye mshiko, na wakati kazi hiyo ikiendelea husikika milio ya kugongagonga chini ya sakafu ambayo humtisha asiyeijua. Dereva mgeni huondoa mguu kwenye mafuta akidhani kuna kitu kimevunjika, kumbe anachotakiwa kufanya ni kuendelea kukanyaga kwa kiasi kilekile, bila papara, hadi gari lijivute lenyewe. Kuona kigari kisichofika kilo 1,250 kikitoka kwa upole mahali ambapo magari makubwa hurusha tope na kuzama zaidi ni mojawapo ya furaha za kweli za kulimiliki, na wepesi huo, zaidi ya mtambo wowote, ndio silaha yake kubwa.

Furaha hiyo haipandi mlima pamoja na abiria wanne na mizigo. Injini ni ya petroli, ya sentimita za ujazo 1,462, isiyo na turbo, yaani pampu ya kusukuma hewa ya ziada ndani ya silinda, na hutoa nguvu farasi zipatazo 102 ambazo hupatikana kikamilifu inapozunguka mara 6,000 kwa dakika. Injini ya aina hii hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa huzidi kuwa nyepesi, hivyo gari linaloonekana kutosha Mombasa au Dar es Salaam litakuwa limepungukiwa karibu moja ya sita ya nguvu zake likifika Nairobi. Giaboksi ya kawaida ina gia tano na ile ya kujiendesha ina nne tu, idadi ambayo kwa zama hizi ni ndogo, na matokeo yake ni injini inayopiga kelele katika mwendo wa barabara kuu na dereva anayelazimika kupima mara mbili kabla ya kulipita lori. Katika vipimo rasmi vya India gari hili lilipata kilomita 16.94 kwa lita kwa gia za mkono, na 16.39 kwa zile za kujiendesha, lakini umbo lake la kisanduku hupambana na upepo, na anayekwenda kasi asitarajie kuviona viwango hivyo. Tangi lake la lita 40 pia ni dogo kwa gari la safari za mbali.

Swali la familia ndilo gumu zaidi, na hapa mnunuzi hana budi kuwa mkweli kwa nafsi yake. Jimny ya milango mitano ina viti vinne, si vitano, na kila kiti kina mkanda wake. Familia ya wazazi wawili na watoto wawili itaketi kwa raha, kwa kuwa miguu ya walio nyuma ina nafasi nzuri na madirisha yao hufunguka, jambo lisilowezekana katika toleo la milango mitatu, na viti vya watoto wachanga hufungwa bila mzazi kujikunja mgongo. Lakini kaya nyingi za Afrika Mashariki zina watoto watatu au zaidi, pamoja na bibi anayepelekwa kliniki na ndugu aliyekuja kusoma mjini, na kwa kaya kama hiyo hakuna ujuzi wa kupanga utakaolifanya gari hili litoshe. Kumbananisha mtoto wa tatu katikati ya wawili ni hatari isiyostahili kuzoeleka, hata kama safari ni ya kwenda dukani tu. Buti nalo lina lita 208 viti vikiwa vimesimama, kiasi cha mabegi mawili ya kawaida, na mlango wake hufunguka kwa upande ukiwa umebeba tairi la akiba, kwa hiyo huhitaji uwazi wa kutosha nyuma ya gari.

Usalama nao usipitwe juu juu. Mwaka 2018 taasisi ya Ulaya ya kupima usalama wa magari, Euro NCAP, iliipa Jimny ya milango mitatu nyota tatu kati ya tano, ikapata asilimia 73 katika kuwalinda watu wazima na asilimia 84 kwa watoto. Toleo la milango mitano liliingia soko la India likiwa na mifuko sita ya hewa, ile inayofumuka wakati wa ajali, na mtambo wa kuzuia gari lisiyumbe, katika kila daraja la bei. Hata hivyo vifaa hutofautiana kutoka nchi moja hadi nyingine, na mnunuzi anapaswa kuihesabu mifuko hiyo katika hati za gari analouziwa kabla ya kulipa, maana kuondolewa kwa skrini kubwa au viti vya ngozi ni kupunguza madoido, ilhali kuondolewa kwa mfuko wa hewa ni kumpunguzia mtoto kinga.

Kwamba watu wengi wanakubali mapungufu haya kulidhihirika Januari 2025, gari hilo lilipozinduliwa nchini Japani kwa jina la Jimny Nomade. Suzuki ilikuwa imepanga kuuza magari 1,200 kwa mwezi, lakini maagizo yapatayo 50,000 yalimiminika katika siku nne na kampuni ikalazimika kusimamisha kuyapokea. Pengine sababu mojawapo ni kwamba ekseli, chasisi na mkono wa kugawa nguvu ni vitu ambavyo fundi anaweza kuvishika, kuvifungua na kuvielewa, na mmiliki aliye mbali na mji huthamini sana jambo hilo.

Uelewekaji huo haumwondolei mmiliki wajibu wa kuangalia. Matope yaliyokauka juu ya chasisi na ndani ya rimu yanapaswa kuoshwa mapema, kwanza kwa sababu hutunza unyevu unaoleta kutu, na pili kwa sababu uzito wake ulioegemea upande mmoja wa rimu hutikisa usukani katika mwendo. Magari yenye ekseli kamili mbele yanajulikana kwa ugonjwa huo wa mtikisiko, ambao huanza baada ya tairi kupiga shimo na kuendelea hadi mwendo upunguzwe. Ukijitokeza, fundi aanze na usawazishaji wa matairi na upepo wake, kisha akague beringi za maungio ya gurudumu na ekseli, vichwa vya stelingi na bushi za mikono inayoishika ekseli, na asikubali kubadilisha kifaa kimoja cha kuzima mtikisiko na kumruhusu mteja aondoke huku chanzo chake kikiwa bado hakijapatikana.