Kwa Nini Bakteria Waliooteshwa Hospitalini Hupelekwa Maabara ya Taifa

Ndugu za wagonjwa hutuuliza: ikiwa maabara ya hospitali imekwisha kuotesha bakteria kutoka katika kinyesi na kushuku kipindupindu, kwa nini bakteria hao wapelekwe tena katika Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii, Dar es Salaam? Swali hili ni la haki, kwa kuwa anayengoja majibu ana wasiwasi.

Kipimo cha haraka, kinachosomwa kwa mistari baada ya dakika chache, hutoa dokezo tu. Uoteshaji huenda mbali zaidi: sampuli hupandwa kwenye sahani yenye chakula maalumu cha bakteria, na baada ya saa 18 hadi 24 vidoa vya manjano vyaweza kuonekana. Lakini rangi hiyo haitoshi. Bakteria aitwaye Vibrio cholerae ana zaidi ya makundi 200, na yanayoleta milipuko ya kipindupindu ni mawili tu, O1 na O139. Kuyatofautisha kunahitaji vitendanishi ambavyo si kila hospitali inavyo. Jibu likikosewa, hasara huwafikia wengi: mama lishe hufungiwa biashara bila sababu, au kisima chenye vimelea huendelea kutumika.

Bakteria hao hawasafirishwi katika sahani walimooteshwa. Huhamishiwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha kusokota na chakula cha kawaida cha bakteria, kwa kuwa chakula kile maalumu huwadhoofisha wakikaa humo. Kichupa hutiwa ndani ya chombo kisichovuja, pamoja na kitu cha kufyonza majimaji, kisha vyote hufungwa katika kasha gumu. Kinyesi ambacho hakijaoteshwa husafirishwa katika dawa ya kuhifadhia iitwayo Cary-Blair, wala hakiwekwi kwenye barafu. Wengi hudhani kila sampuli yahitaji baridi. Bakteria wa kipindupindu huathiriwa na baridi hiyo.

Matibabu hayangoji majibu. Maji ya ORS, au dripu kwa aliyezidiwa, huanza mara moja.

Kwa upande wako, toa sampuli kabla ya kumeza dawa za kuua bakteria. Ikiwa ulikwisha kuzinunua duka la dawa, mweleze mhudumu bila kuona haya, kwani dawa hizo zaweza kuwazuia bakteria kuota hata kama ugonjwa upo. Hakikisha pia kwamba jina na tarehe kwenye kichupa vinalingana na vilivyo kwenye fomu. Visipolingana, maabara yaweza kuikataa sampuli.

Mlipuko ukishathibitishwa katika eneo, si kila mgonjwa hupimwa tena. Mganga huongozwa na dalili, na sampuli chache tu hutumwa kufuatilia mwenendo wa ugonjwa na dawa zinazoendelea kufaa. Majibu hurudishwa katika hospitali iliyotuma sampuli, nawe utayaulizia huko.