Ukuta wa Mita 8



Juma moja kisha kurudi kutoka safari, niliwaonyesha vijana wa kanisa picha zangu. Zilikuwa picha za makanisa, za treni, za vyakula vya kule. Vijana walicheka na kutaniana. Kisha wakafika kwa picha moja ambamo nimesimama pembeni ya ukuta wa beto uliopasuka. Mule ninaonekana mudogo kama mutoto wa miaka mitano. Kijana mumoja anayesoma mekanike akaangalia sana, akauliza: "Papa Pasta, hii ni baraji ya maji?" Nikamwambia hapana, ilikuwa nyumba ya mutu mumoja. Akauliza tena: "Sasa ule mutu alikuwa anaogopa nani vile?"

Siku ile sikumujibu vizuri. Ndiyo sababu ninaandika.

NDANI YA PORI

Kanisa moja la Ujerumani lilitualika, sisi wachungaji wawili kutoka Katanga. Mwenyeji wetu alikuwa na mama muzee sana, aliyezaliwa katika jimbo lililoitwa zamani Prussia ya Mashariki. Kabla ya vita lilikuwa la Ujerumani. Leo sehemu yake kubwa iko katika inchi ya Poland. Mama alitaka kuona tena inchi yake ya utoto, basi sisi wote tukaenda naye kwa gari.

Siku ya pili mwenyeji wetu akatupeleka katika pori, kilometa kama 8 kutoka muji wa Kętrzyn, ambao wakati wa Wajerumani uliitwa Rastenburg. Miti ni mirefu, kuna maziwa na mabwawa pande zote, na mbu walitupokea kama ndugu zao. Reli ya zamani inapita katikati. Kisha, kati ya miti, unaanza kuona mambo makubwa ya rangi ya majivu. Unazania ni mawe ya mulima. Unakaribia, unaona ni beto, na vyuma vinatoka ndani kama mifupa.

Hii ndiyo ilikuwa etamajori ya Adolf Hitler, makao makuu yake ya vita juu ya Urusi. Waliita fasi hii Wolfsschanze, maana yake Ngome ya Imbwa wa Mwitu. Hitler alifika hapa mwezi wa 6 mwaka 1941, mara tu kisha vita na Urusi kuanza kuwaka, na akaondoka mara ya mwisho tarehe 20 mwezi wa 11 mwaka 1944. Ukihesabu siku zote alizokaa hapa, zinapita 800.

Ilikuwa kama muji. Watu kama 2,000 waliishi na kutumika humu: maofisa, askari, waandishi, wapishi, watu wa simu. Kulikuwa kituo cha treni, na uwanja wa ndege karibu. Muji wote uligawanywa katika viwanja vitatu, kimoja ndani ya kingine, na kila mulango uliomba karatasi yake. Inje kulikuwa waya za miiba na mina zilizofukiwa katika udongo. Juu walitandika nyavu zenye majani ya uongo, na juu ya mapaa walipanda majani na miti, ili ndege za adui zione pori tu.

Hata wenyeji hawakuambiwa kweli. Ujenzi ulipoanza mwaka 1940, walisema ni kiwanda cha kemikali kinachojengwa.

HATUA KUMI

Nilitaka kupima ule ukuta. Wanasema beto ya nyumba ya Hitler ilifika unene wa mita 8. Lakini mita 8 kwa mudomo si kitu. Basi nikatembea pembeni yake nikihesabu: hatua kumi. Moyo wangu ukarudi mara moja Likasi, katika nyumba ya kambi ambamo nilizaliwa. Kutoka mulango wa mbele mpaka jikoni nyuma ilikuwa pia hatua kumi. Katika nafasi hiyo tuliishi watu tisa. Hapa, nafasi hiyo ilikuwa ukuta tu.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa dinamiti katika mugodi. Alitufundisha jambo moja ambalo kila mutoto wa kambi anajua: dinamiti katika shimo lililofungwa na dinamiti mahali wazi hazifanani. Ukiifungia, nguvu yake haina njia ya kutoka, basi inavunja kila kitu kilicho karibu. Mahali wazi, nguvu inakimbia na hewa. Mushike jambo hilo, kwa maana linakuja sasa hivi.

SAKOSHI CHINI YA MEZA

Pale pori linapofunguka kidogo, kuna kumbukumbu ndogo yenye umbo la kitabu kilichofunguliwa na kupasuka. Waliiweka mwaka 1992. Hapo kulikuwa nyumba ya mikutano, na hapo, tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1944, bombu lililipuka.

Aliyelileta hakuwa adui kutoka inje. Alikuwa koloneli wa Ujerumani, Claus von Stauffenberg, mutu wa miaka 36, baba wa watoto. Mwaka mumoja mbele, huko Tunisia, alipoteza jicho moja, mukono wa kuume, na vidole viwili vya mukono wa kushoto. Yeye na wenzake waliona kwamba Hitler anaharibu inchi yao na kuua watu bila hesabu, na kwamba hatasimama mwenyewe. Kumbukeni kwamba tangu mwaka 1934 kila askari alilazimishwa kuapa kumutii Hitler mwenyewe, si sheria ya inchi. Wengi walisema: niliapa, siwezi kufanya kitu.

Ile siku ilikuwa joto. Mukutano haukufanywa katika beto. Ulifanywa katika nyumba nyepesi, madirisha wazi. Stauffenberg alikuwa na mabombu mawili, lakini kwa vidole vitatu tu, na kwa kuwa walikuja kumuita haraka, alitayarisha moja tu. Akaweka sakoshi chini ya meza karibu na Hitler, akatoka kama mutu anayekwenda kujibu simu. Kisha ofisa mumoja, bila kujua kitu, akaisogeza sakoshi nyuma ya muguu munene wa meza.

Ilipopita saa sita na nusu ya muchana, bombu likalipuka. Watu wanne walikufa. Hitler alipata majeraha madogo, akaishi.

Sasa mukumbuke maneno ya baba yangu. Kama ule mukutano ungefanywa ndani ya beto nene, nguvu ya bombu isingepata njia ya kutoka. Ilitoka kwa madirisha na kuta nyepesi. Ukuta ambao Hitler aliutegemea ndio ungemuua, na nyumba ya mbao ndiyo ilimuponyesha.

Usiku uleule Stauffenberg alipigwa risasi huko Berlin. Wenzake wengi walikamatwa na kunyongwa, na jamaa zao pia walishikwa, hata watoto wadogo wakatengwa na mama zao. Bibi yake alikuwa na mimba, akazaa mutoto kifungoni mwezi wa 1 mwaka 1945.

Mutaniuliza, je, muchungaji anaweza kusema ni vizuri kuua mutawala? Katika kundi la wapinzani wa Hitler alikuwamo hata muchungaji wa Kiprotestanti, Dietrich Bonhoeffer, aliyenyongwa tarehe 9 mwezi wa 4 mwaka 1945. Yeye mwenyewe hakuliona jambo hilo kuwa jepesi. Na Stauffenberg hakuwa malaika, maana alitumikia jeshi lile miaka mingi mbele ya kugeuka. Mimi ninasema hivi tu: wale watu walifika kwenye njia mbaya mbili kwa sababu watu wengi sana walinyamaza tangu mwanzo, wakati kusema kulikuwa bado rahisi. Anayengoja mpaka nyumba yote inawaka, atazima moto kwa mikono yake.

WAKUBWA WANAONDOKA KWANZA

Mwisho wa mwaka 1944 jeshi la Urusi lilikuwa karibu. Tarehe 20 mwezi wa 11 Hitler akapanda treni, akaenda zake. Lakini mukubwa wa jimbo, Erich Koch, alikataza raia wasikimbie. Mutu aliyefunga mizigo aliitwa musaliti.

Usiku wa tarehe 24 kufikia 25 mwezi wa 1 mwaka 1945, askari wa Ujerumani wenyewe walijaza dinamiti katika zile nyumba, tani nyingi, wakazipasua ili Warusi wasizitumie. Kuta zikainama, mapaa yakaruka, lakini beto haikukubali kuisha. Ndiyo maana tunaiona mpaka leo. Tarehe 27 Warusi wakafika, hakuna mutu. Siku ileile, mbali upande wa kusini, jeshi hilohilo la Urusi lilifungua milango ya Auschwitz, kambi ambamo Wanazi waliua watu zaidi ya milioni moja, wengi wao Wayahudi.

Jioni tulimukuta mama wa mwenyeji wetu amekaa mbele ya nyumba ya wageni. Hakutaka kwenda kuona beto. Akatufasiria kwa sauti ndogo. Alikuwa na miaka sita. Ruhusa ya kukimbia ilipokuja, ilikuwa imechelewa, na ilikuwa baridi kali kabisa. Familia zilipanda magari ya farasi, zikapita juu ya bahari ndogo iliyogeuka barafu. Ndege zilipiga, barafu ilivunjika, magari na farasi vikazama. Mudogo wake alikufa kwa baridi njiani.

Kisha akasema: "Yule alikuwa na mita 8 za beto. Sisi tulikuwa na blanketi mbili."

Na Koch, yule aliyekataza watu? Mwezi wa 4 alipanda meli, akakimbia.

MINA ZINABAKI

Katika Kifaransa neno ni moja: mine ni shimo tunamochimba mali, na mine ni bombu linalofukiwa ili kukata miguu ya watu. Hitler aliondoka, vita ikaisha, lakini mina zilibaki katika lile pori. Askari wa Poland walitumika mpaka mwaka 1955 kuzitosha, na walitosha zaidi ya 50,000. Miaka kumi kisha vita, mutoto aliyekwenda kutafuta kuni hapo aliweza bado kufa kwa vita ya watu walioisha kufa.

Musifikiri hii ni habari ya wazungu tu. Mwaka uleule wa 1941, askari Wakongo wa Force Publique walitembea mpaka Ethiopia, wakapigana na Waitalia, na mwezi wa 7 majenerali wa Italia wakajitoa kwao huko Saio. Mwezi wa 12 mwaka uleule, wachimbaji wa Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, waligoma kwa sababu mushahara haukutosha na bei za vitu zilipanda kwa ajili ya vita, wakapigwa risasi. Na uranium ya Shinkolobwe, hapa karibu na Likasi, ilitumiwa kutengeneza mabombu yaliyoanguka Japani mwaka 1945. Babu zetu walichimba bila kuambiwa ni ya nini. Vita iliamuliwa mbali nyuma ya kuta, lakini jasho na damu vilitoka katika kambi zetu.

JIBU LANGU

Sasa, kijana wangu wa mekanike, ninakujibu. Ule mutu aliogopa kila mutu. Aliogopa adui, kisha maofisa wake, kisha watu wa inchi yake. Kila alipoogopa aliongeza beto, na kila alipoongeza beto hakusikia tena kilio cha inje. Huko Stalingrad askari wake walikuwa wanakufa kwa njaa na baridi, na yeye aliwakataza kurudi nyuma, akiwa yeye anakula kwa saa yake katika lile pori.

Katika inchi yetu, wale wanaowaita vijana kuchukua bunduki hawajakosekana. Wanakuja na pesa kidogo, na maneno matamu juu ya kabila na udongo. Mutu wa namna hiyo akikuita, umuulize ulizo moja tu: "Papa, siku ile mimi nitakuwa kule mbele, wewe utalala wapi?" Kisha umungoje ajibu.

Kitu cha mwisho. Pembeni ya ule ukuta ulioinama, watu wanaopita wamesimamisha vijiti vidogo, kama vile vijiti ndivyo vinaushika usianguke. Ni muchezo tu, nami niliweka changu. Lakini njiani nilifikiri kwamba ndivyo wakubwa wa namna ile wanavyosimama: kwa vijiti vidogo vingi, na kila kijiti ni mutoto wa mutu. Kijana, usikubali kuwa kijiti.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani:
1. Katika familia yetu, babu na nyanya walitumika wapi wakati wa vita? Waulizeni wazee wakiwa bado wako.
2. Ni wakati gani mutu anapaswa kukataa amri ya mukubwa wake?
3. Ni "mina" gani za vita za zamani zimebaki katika mioyo yetu na katika kambi yetu, na nani atazitosha?