Meli Zikivunjika, Mafundi Hupata Kazi

Tarehe 27 Januari 2014, kundi moja la wachezaji wa EVE Online, mchezo wa mtandaoni wa meli za angani, lilipitisha muda wa kulipa ada ya kumiliki mfumo wa nyota uitwao B-R5RB. Mahasimu wao wakaona upenyo, wakavamia, na kila upande ukaita washirika. Mapigano yakadumu takribani saa 21, yakawahusisha wachezaji zaidi ya 7,500. Yalipokwisha, meli 75 za daraja la Titan, kubwa kuliko zote mchezoni, zilikuwa zimeteketea. Hasara ilikadiriwa kuzidi dola 300,000 za Marekani.

Magazeti mengi yalishangazwa na fedha hizo. La kushangaza zaidi ni kwamba kila Titan iliyoteketea ilikuwa imeundwa na wachezaji wenyewe. Kwa mafundi wa ulimwengu ule, siku ya maafa ilikuwa pia siku ya kupokea oda. Michezo ya mtandaoni ya aina hii hustawi pale tu vita na ufundi vinapotegemeana.

Kutoka mwambani hadi sokoni

EVE Online ilizinduliwa Mei 2003 na kampuni ya CCP Games ya Reykjavík, Iceland. Michezo mingi inayofanana nayo huwagawa wachezaji katika seva mbalimbali. Huu umewaweka karibu wote katika ulimwengu mmoja, hivyo bidhaa ya fundi mmoja huweza kumfikia mteja yeyote.

Safari ya meli huanza na jiwe. Wachimbaji hupasua miamba inayoelea angani, kisha huisafisha kupata madini kama Tritanium, Pyerite na Mexallon. Fundi naye huhitaji mchoro wa meli, karakana na muda. Mchoro ukifanyiwa utafiti wa kutosha hupunguza madini yanayohitajika kwa asilimia 10, na tofauti hiyo inatosha kuamua nani atapata faida na nani atakula hasara. Titan huchukua wiki kadhaa, na vipuri vyake vikubwa lazima viundwe kwanza. Bidhaa nyingi huishia Jita, soko kuu la mchezo, ambako wauzaji na wanunuzi ndio wanaopanga bei.

Hesabu za shabaha

Vitani, meli ina tabaka tatu: ngao, deraya na kiunzi. Madhara ya silaha ni ya aina nne, yaani ya sumakuumeme, ya joto, ya mgongano na ya mlipuko. Hakuna kinga inayozuia yote kwa nguvu sawa, ndiyo maana rubani makini humchunguza adui kabla ya kuchagua risasi.

Mzinga unapofyatuliwa, seva hupiga hesabu ya uwezekano kwa kuangalia umbali wa adui, ukubwa wake na kasi anayomzungukia mpigaji. Kila mzinga una masafa yake bora, na baada ya hapo una umbali wa kufifia. Adui aliyetulia akiwa ndani ya masafa bora hana pa kujificha. Akiwa mwisho wa umbali wa kufifia, nafasi ya kumpata hushuka hadi asilimia 50. Kasi ya kuzunguka nayo hupunguza nafasi hiyo. Meli ndogo ikijisogeza karibu na kulizunguka dude kubwa kwa kasi, mizinga mikubwa haiwezi kugeuka upesi kuifuata. Kwa sababu ya kanuni hiyo, chombo cha bei nafuu kinabaki na kazi hata palipo na Titan, na fundi mchanga anabaki na wateja.

Meli ikilipuka, kiunzi chake kimekwenda. Kila kifaa kilichofungwa ndani yake kina nafasi ya nusu kwa nusu ya kusalimika kiokotwe. Visivyosalimika hutoweka kabisa. Rubani huponea ndani ya kidonge cha uokoaji, nacho kikilipuliwa huamka katika mwili mwingine; yu hai lakini hana meli, na hapo humgeukia fundi.

Tenki na tundu lake

Wabunifu wa michezo huufananisha uchumi wa namna hii na tenki la maji: kuna bomba la kuingiza na tundu la kutoa. Tundu likizibwa, maji hufurika. Ultima Online, iliyotolewa Marekani mwaka 1997, iliyapata mafunzo hayo mapema. Wabunifu wake walikusudia rasilimali ziwe na kiwango maalumu, zizunguke kutoka kwa mnyama hadi kwa mchezaji na kurudi. Wachezaji wakalimbikiza vitu majumbani, mzunguko ukakwama, na mpango huo ukaachwa.

Old School RuneScape ya kampuni ya Jagex, Uingereza, inakabili tatizo hilohilo kwa njia nyingine. Silaha zake nyingi hazichakai, na zilizopatikana huendelea kurundikana. Desemba 2021 ilianzisha kodi ya asilimia 1 katika soko lake kuu, na sehemu ya makusanyo ikatumika kununua bidhaa zilizozidi na kuziondoa kabisa.

CCP ililichukulia suala hili kwa uzito hata ikamwajiri mchumi, Eyjólfur Guðmundsson, mwaka 2007, afuatilie bei kama benki kuu inavyofanya. Kazi yake haikuwa nyepesi, maana vita vina pande mbili: huteketeza bidhaa, lakini bima hulipa wenye meli fedha mpya zinazoingia katika mzunguko. Mlipuko mmoja hupunguza mali na papo hapo huongeza fedha. Asiyepima yote mawili atashtukia mfumuko wa bei.

Saa inayopungua mwendo

Vita vya maelfu hulemea kompyuta, kwa kuwa kila meli inaweza kuathiri nyingine. CCP ilibuni njia ya kupunguza mwendo wa muda: seva ikizidiwa, saa ya mchezo hupungua hadi asilimia 10 ya kawaida. Kwa kiwango hicho, saa 10 za ukutani ni saa 1 ya mapigano. Inachosha, lakini ni haki, maana amri ya kila rubani inahesabiwa.

Hata katika hali ya kawaida, seva hupiga hesabu zake mara moja kwa sekunde, jambo linalomfaa mchezaji wa mbali. Dar es Salaam hadi London, ziliko seva hizo, ni karibu kilomita 7,500. Mwanga ndani ya nyaya husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hauwezi kupungua milisekunde 75. Ni hasara kubwa katika mchezo wa kulenga kwa wepesi wa kidole, lakini hapa ni ndogo.

Vijana wanaojifunza kubuni michezo huanza na namna ya kumpatia mchezaji upanga, meli au dhahabu. Nawasihi waanze na upande wa pili: kitu hiki kitatokaje ulimwenguni, na kikitoka nani atapata kazi? Mchezo usio na jibu la swali hilo utajaza maghala ya wachezaji, kisha utawakosesha sababu ya kurudi. Wenye jibu huwafanya mchimbaji, fundi, mfanyabiashara na askari wahitajiane miaka nenda rudi.