Kabla Hujanunua Picha ya Kale ya Besiboli

Ndugu zangu, mwaka jana nilitoa dola 60 kwa mchoro wa besiboli wa miaka ya 1860 kutoka jarida la Harper's Weekly. Kumbe nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, ni nakala ya juzijuzi tu! Sasa nakagua hivi. Zamani mchoro ulichongwa kwenye vipande vya mbao ngumu vilivyounganishwa, kwa hiyo wakati mwingine mistari myembamba ya maungio huonekana. Chukua lenzi: ukiona vidoto vilivyopangwa safu safu, achana nayo. Geuza karatasi, mara nyingi nyuma kuna habari za jarida. Na rangi je? Jarida lilichapwa kwa wino mweusi. Rangi ilipakwa baadaye. Posho yetu ni ndogo, jamani, kagueni kwanza.