Pampu ya Kuongeza Msukumo wa Maji: Utunzaji na Matengenezo Yake

Katika majengo mengi ya ghorofa maji ya bomba hayafiki juu kwa nguvu zake yenyewe. Ili maji yapande mita 10, huhitajika msukumo, ambao katika fizikia huitwa kanieneo, wa takriban ba 1. Kwa hiyo maji yanayofika mlangoni kwa msukumo wa ba 1 hayawezi kuvuka kimo hicho, hata bomba liwe pana namna gani. Hapo ndipo inapohitajika pampu. Pampu hiyo isimamapo, wakazi wa juu hawana budi kupanda ngazi na ndoo. Aghalabu kisababishi si uzee wa mtambo, bali ni kasoro ndogo iliyoachwa ikakua.

Jinsi pampu ifanyavyo kazi

Ndani ya pampu mna gurudumu lenye mapanga, liitwalo impela na mafundi. Mota huizungusha impela, nayo huyatupa maji kutoka katikati kwenda pembeni. Mwendo wa maji hayo hugeuka kuwa msukumo ndani ya ganda la pampu. Katikati ya impela msukumo hupungua, na hewa ya nje, kwa kuyakandamiza maji yaliyomo tangini, huyaingiza mengine kujaza nafasi hiyo. Ni dhahiri basi kwamba pampu haiyavuti maji; hewa ndiyo iyasukumayo.

Jambo hili lina mpaka. Dar es Salaam, penye usawa wa bahari, hewa yaweza kubeba nguzo ya maji yenye kimo cha mita 10.3 tu. Mbeya, penye mwinuko wa takriban mita 1,700, kimo hicho hupungua kufikia kama mita 8.4. Ukitoa nguvu inayopotea katika mabomba, si busara kutegemea zaidi ya mita 6 au 7 pwani, na katika nyanda za juu ni pungufu ya hapo. Kwa sababu hiyo pampu yafaa iwekwe karibu na tangi, na ikiwezekana chini ya usawa wa maji.

Dalili na maana zake

Pampu ikitoa sauti kama ya changarawe, maji yanachemka ndani yake yakiwa baridi. Msukumo ukipungua mno, maji hugeuka mvuke bila kupata moto. Viputo vya mvuke hupasuka vifikapo penye msukumo mkubwa, na kila mpasuko hung'oa chembe ya madini ya impela. Dawa yake ni kusafisha chujio na kufungua kikamilifu vali ya upande wa kuingilia. Mtu akitaka kupunguza maji, na afunge kidogo vali ya upande wa kutokea, wala si ile ya kuingilia.

Pampu ikizunguka bila kutoa maji, huenda imejaa hewa. Tundu lililo katika bomba la kuingilia, pale pampu ilipo juu ya maji, halidondoshi tone wakati pampu ikifanya kazi, kwani hewa huingia badala ya maji kutoka. Povu la sabuni likipakwa kwenye viungo, litafyonzwa pale penye tundu. Baada ya kuliziba, ganda hujazwa maji kabla ya kuwasha.

Pampu ya umeme wa fezi tatu iliyotoka kutengenezwa ikitoa maji kwa unyonge, yafaa kwanza kutazama inazungukia upande gani. Impela ikizunguka kinyume, maji hutoka kidogo, na wengi hudhani imechakaa. Fundi wa umeme akibadilishana nyaya mbili kati ya tatu, kasoro huondoka.

Mahali mhimili unapopita kwenye ganda pana kizuizi cha maji. Kama ni pakingi ya kamba, ni lazima idondoshe matone machache, kwa kuwa ndiyo yanayoipoza. Anayeikaza hadi ikauke huuchoma mhimili. Kama ni sili, haifai kuvuja, lakini nyuso zake huteleza juu ya utando mwembamba wa maji, hivyo pampu ikizunguka kavu huharibika upesi. Boya la kuzima umeme tangi liishapo maji huilinda.

Pampu iwakayo na kuzimika kila mara mtu afunguapo bomba kidogo tu, yafaa ichunguzwe tangi lake dogo la msukumo. Hewa iliyomo humo hufanya kazi kama springi. Umeme ukizimwa na maji kumwagwa, msukumo wa hewa hiyo hupimwa, nao unapaswa kuwa chini kidogo ya ule unaoiwasha pampu. Ikiwa maji yanatoka kwenye vali ya hewa, mpira wa ndani umepasuka. Kasoro hii isidharauliwe, kwani mota inapoanza huweza kuvuta umeme mara 5 hadi 7 ya kawaida, na kila mwanzo huipasha moto.

Gharama na afya

Kupandisha lita 1,000 za maji kimo cha mita 20 kwahitaji nishati ya takriban uniti 0.055 ya umeme. Pampu na mota zenye ufanisi wa asilimia 50 hutumia 0.11, ufanisi ukishuka hadi asilimia 25, hutumia 0.22 kwa maji yale yale. Hivyo impela iliyolika humtoza mwenye jengo fedha kila siku bila kumwonya.

Hatari kubwa zaidi ni ya kuunganisha pampu moja kwa moja na bomba la barabarani. Pampu ikilinyonya bomba hilo hadi msukumo wake uwe chini ya ule wa nje, maji machafu ya ardhini huweza kupenya katika nyufa na kuwafikia majirani pia. Yapasa maji yaingie kwanza tangini, na pampu ichote humo.

Kila mwezi, mtunzaji na aandike daftarini msukumo unaosomwa kwenye geji, umeme unaovutwa na mota, na sauti na joto la beringi. Tarakimu za mwezi mmoja hazisemi mengi. Za mwaka mzima huonyesha kasoro ikikaribia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.