Mbona mpinzani haachwi nyuma katika mchezo wa mbio za magari?

WAPENZI wa michezo ya video waliowahi kucheza Need for Speed: Most Wanted huusifu na kuulalamikia mchezo huo kwa wakati mmoja.

Mchezo wenyewe, uliotengenezwa na kampuni ya EA Black Box ya Canada na kutolewa Novemba 2005, unahusu mbio haramu katika barabara za Rockport, mji wa kubuni.

Dereva mgeni anawasili mjini na gari aina ya BMW M3 GTR. Gari hilo linahujumiwa, anashindwa mbio na kunyang'anywa na hasimu wake, Razor. Ili alikomboe, sharti awashinde madereva 15 wanaosakwa zaidi na polisi, mmoja baada ya mwingine.

Sifa kuu ya mchezo huu ni misako. Polisi hulizingira gari, huweka vizuizi na kutandaza miiba ya chuma barabarani. Aidha, hupashana habari kwa redio, na mchezaji makini anayewasikiliza hung'amua mtego kabla ya kuufikia.

Mchezaji naye ana mbinu zake. Anaweza kuupunguza mwendo wa wakati kwa muda mfupi ili akate kona kali, au kugonga nguzo za kituo cha mafuta ili kiwaporomokee wanaomfuata.

Isitoshe, uendeshaji wenyewe ni rahisi. Magari hayafuati kikamilifu kanuni za fizikia, hivyo hata anayeanza hupata raha mapema.

Hata hivyo, kuna jambo linalowakera wengi: mpinzani haachwi nyuma. Mchezaji huendesha bila kosa kwa dakika kadhaa, lakini akitazama nyuma huwaona wapinzani wale wale wakimkaribia.

Hali hiyo haitokani na bahati mbaya. Katika michezo mingi ya aina hii, programu hupima umbali kati ya magari, kisha huwaongezea kasi walioachwa na kuwapunguzia waliotangulia. Ni kana kwamba magari yote yamefungwa kwa kamba ya mpira: anayekwenda mbali huwavuta wenzake.

Lengo ni kuzuia mbio zisipoe. Bila kamba hiyo, anayejifunza angeachwa tangu kona ya kwanza, naye stadi angeendesha peke yake hadi mwisho.

Tatizo ni kwamba gharama haigawanywi sawa. Mgeni husubiriwa, ilhali stadi hupokonywa pengo alilolitolea jasho. Injini aliyoinunua kwa fedha nyingi humfaidi kidogo, na kosa moja karibu na utepe huweza kufuta ubora wa mbio nzima.

Misako nayo ina machungu yake. Mchezaji anayekamatwa hupoteza alama zote alizochuma katika msako huo, hata kama ameponyoka mitego kwa nusu saa.

Ndiposa wazoefu hawahangaiki kutafuta pengo kubwa mapema. Hukaa mbele kwa umbali mdogo, huepuka kugongana, na huhifadhi gesi ya kuongeza kasi hadi mkondo wa mwisho, ambapo kamba haina tena muda wa kumvuta mpinzani.