Wanafunzi na Wayasome Majengo Yao

Kila mwaka maelfu ya vijana huingia Chuo Kikuu cha Nairobi kwa shangwe, wakasoma, wakahitimu na kuondoka bila kujua waliojenga kuta walizoziegemea miaka yote hiyo. Foleni ya chakula wanaijua. Siku ya kuingia kwa pesa za mkopo, ambazo vizazi vya wanafunzi vimeziita "boom", wanaijua zaidi. Lakini muulize mmoja wao kwa nini mojawapo ya majengo makongwe ya bewa kuu lina jina la Gandhi, naye aghalabu atakujibu kuwa labda Wahindi walitoa msaada. Hiyo ni nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye uzito.

Gandhi aliuawa Januari 1948. Waasia wa Afrika Mashariki wakaanza kuchanga fedha ili wajenge chuo cha kumkumbuka. Wakati huo serikali ya kikoloni nayo ilikuwa ikiandaa Chuo cha Ufundi cha Kifalme, kilichopata hati yake mwaka 1951 na jiwe lake la msingi mwaka uliofuata. Badala ya kuwa na vyuo viwili vya kushindana katika mji mmoja, chama cha wachangaji kiliunganisha mradi wake na ule wa serikali. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1956, na Julai mwaka huohuo Dkt. Radhakrishnan, aliyekuwa makamu wa rais wa India, akazindua sanamu ya Gandhi.

Zingatia majira yenyewe, ewe mwalimu. Hali ya Hatari ilikuwa ingali inatawala Kenya. Shule za watoto zilikuwa zimegawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Katika mji huo ndipo kilipofunguliwa chuo kilichopokea vijana wa rangi zote. Jambo hili halikuondoa ubaguzi mitaani, lakini darasani mlango ulikuwa umefunguliwa.

Hatua chache kutoka hapo ipo Barabara ya Harry Thuku. Wanafunzi wameandamana humo mara nyingi, pengine bila kukumbuka kuwa ni katika eneo hilo, mnamo Machi 16, 1922, polisi walipoufyatulia risasi umati uliokuja kudai Thuku aachiliwe. Zaidi ya watu 20 waliuawa, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru.

Habari inayonigusa zaidi, hata hivyo, iko Chiromo, upande wa magharibi, njia ya kwenda Westlands. Jina hilo lilitoka Malawi. Lililetwa na mlowezi Ewart Grogan, aliyeyafanya mahali hapo makazi yake mwanzoni mwa karne ya 20. Machi 1907 Grogan huyo aliwachapa viboko hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi, Waafrika watatu waliokuwa wakivuta vigari vya abiria. Miongo sita baadaye, katika bewa lililochukua jina la makazi hayo, binti wa Nyeri alikuwa akifundisha anatomia ya mifugo. Ndiye Wangari Maathai, aliyepata shahada ya uzamifu mwaka 1971. Humohumo chuoni ilimbidi apiganie marupurupu ya nyumba kwa wahadhiri wanawake sawa na wenzao wanaume. Kwa hiyo hata baada ya mlowezi kuondoka, bado kulikuwa na milango iliyofungwa.

Najua mwanafunzi atanijibu kuwa historia haijazi tumbo. Simlaumu. Mabweni hayatoshi, wengi hupanga vyumba Ngara, Kangemi na Kinoo, na wengine hujibana kitanda kimoja na mwenzao. Tangu mfumo mpya wa ufadhili uanzishwe mwaka 2023, wazazi wamebishana na serikali na hata kufika mahakamani kuhusu nani alipiwe na nani ajilipie. Lakini ubishi huu wa nani aingie na nani abaki nje ndio uleule ulioandikwa katika majengo niliyoyataja. Kijana anayeujua mwanzo wake atajadili karo kwa hoja zenye mizizi, wala hatatosheka na mawe na kaulimbiu.

Wakuu wa chuo wangeweza kuweka vibao vya maelezo, vya Kiswahili, kwenye kila jengo la aina hii. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wa ng'ambo. Walimu wa shule za sekondari nao, ambao huwaleta wanafunzi mjini kutazama Makavazi ya Kitaifa kisha wakarudi moja kwa moja kwenye basi, wangeongeza saa moja tu. Nao wahadhiri wangelitumia juma la kwanza la muhula kuwatembeza wageni wao: waanzie kwenye sanamu ya Gandhi, washike Barabara ya Harry Thuku, kisha wapitie Museum Hill hadi Chiromo. Ni mwendo wa miguu, na hakuna nauli itakayodaiwa.